Grafu Ikiganda Ndani ya Kihariri: Jua Kwanza Inangoja Nini

Jioni moja mpwa wangu alinijia nyumbani Chumbageni, Tanga, laptopu mkononi, kioo bado kinawaka. "Shikamoo mjomba. Imeganda tena."

Nikamwitikia marahaba, nikamkaribisha barazani. Kwenye kioo kulikuwa na Vim, kihariri anachoandikia programu zake, mshale hausogei, ukibonyeza kitufe hakuna kinachotokea. Siku hiyo alikuwa ameshaizima laptopu kwa nguvu mara tatu, na katika mojawapo ya mara hizo alipoteza mistari aliyokuwa hajaihifadhi. Nikabonyeza Alt+Tab. Nyuma ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri, tukaikuta grafu yake, imechorwa kitambo, imetulia, inangoja mtu aifunge. Alipoifunga, Vim ikarudi kama kawaida.

Kazi aliyokuwa akiifanya ni ya maana sana kwangu. Anachora maji kujaa na kupwa ya Sahare, kwa vipimo vya kifaa kilichofungwa kwenye nguzo ya gati kinachoandika kina cha maji kila baada ya dakika 10. Chati ile ni ya akina mama wanaochokoa pweza, wapate kujua wiki moja kabla ni siku zipi za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwamba utakuwa wazi na kwa saa ngapi. Nisingependa kazi kama hiyo iachwe njiani kwa sababu ya dirisha lililojificha. Ndiyo maana nimeandika hatua tulizopita pamoja jioni ile na siku zilizofuata, kwa yeyote anayechora grafu kwa Python na maktaba ya Matplotlib akiwa ndani ya kihariri chake.

Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: skripti, yaani faili ya maagizo ya Python, tunayosema imeganda mara nyingi haijaganda. Ama inakungoja wewe, ama inangoja kitu ambacho hakiji, ama inafanya kazi kubwa kuliko ulivyodhani. Kila hali ina dalili yake na tiba yake. Ukiizima kabla hujajua ni ipi kati ya hizo tatu, umefuta dalili, na kesho utaanza upya.

Hatua ya 1: Usizime. Tafuta dirisha

Bonyeza Alt+Tab kwanza. Kama una vioo viwili, tazama na cha pili. Matplotlib ikifika kwenye `plt.show()` inafungua dirisha la grafu na kusimama hapo hapo mpaka ulifunge. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa, maana skripti ikiendelea mpaka mwisho na kufungwa, dirisha nalo lingefungwa kabla hujaona kitu. Shida inakuja pale dirisha linapofunguka nyuma ya kihariri kilichojaa kioo kizima.

Ukilikuta, lifunge kwa alama ya X. Kihariri kikifufuka, jibu umeshalipata: ilikuwa inakungoja. Ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 6.

Kabla hujaenda mbali, kuna mitego miwili ya kibodi ambayo haihusiani na grafu kabisa. Kwenye terminali ya Linux, Ctrl+S haihifadhi faili, bali inasimamisha maandishi yote ya terminali. Waliozoea vihariri vya madirisha wanabonyeza Ctrl+S ndani ya matoleo ya zamani ya Vim kwa mazoea, kila kitu kinasimama, wanadhani ni skripti. Bonyeza Ctrl+Q, itaachia. Kwenye Windows, ukigusa kwa kipanya ndani ya dirisha jeusi la amri, linaingia hali ya kuchagua maandishi na programu inasimama pale inapotaka kuandika kitu. Utaona neno Select kwenye kichwa cha dirisha. Bonyeza Esc, itaendelea. Nimeona watu wakisanidi upya Python nzima kwa ajili ya jambo hili moja.

Hatua ya 2: Tazama prosesa inafanya nini

Hakuna dirisha? Basi angalia kama kompyuta inafanya kazi au imekaa. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager itafunguka. Kwenye Linux fungua terminali nyingine uandike `top`. Tafuta mstari wa python.

Ukiona asilimia ya prosesa iko sifuri au karibu na sifuri, skripti inangoja: dirisha, jibu la kibodi, au intaneti. Ukiona imepanda na inabaki juu, inafanya kazi, ama ni kazi nyingi, ama ni kitanzi (sehemu ya skripti inayorudiwarudiwa) kisicho na mwisho. Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini. Skripti ya kawaida ya Python hutumia kiini kimoja cha prosesa. `top` itakuonyesha 100, lakini Task Manager inagawa kwa viini vyote, kwa hiyo kwenye mashine yenye viini 4 kazi ya kiini kimoja kilichojaa itaonekana kama 25 tu. Mpwa wangu aliona 25 akasema mashine haifanyi kitu. Kumbe ilikuwa imezama kazini.

Tazama na kumbukumbu pia. Ikipanda bila kusimama, una kitanzi kinachojaza orodha. Hiyo isimamishe mapema kabla mashine nzima haijalemewa.

Hatua ya 3: Iendeshe nje ya kihariri

Hifadhi faili, fungua terminali ya kawaida, nenda kwenye folda yenye skripti, andika:

```
python3 -u chora.py
```

Kwenye Windows mara nyingi ni `python` au `py` badala ya `python3`. Ile `-u` inaiambia Python itoe kila neno papo hapo bila kulilimbikiza. Hii ni muhimu kwa sababu ndani ya vihariri vingi maandishi ya `print` hulimbikizwa mpaka skripti iishe, nawe unabaki na paneli tupu ukidhani hata mstari wa kwanza haujafanya kazi.

Ikienda sawa kwenye terminali, kosa liko kwenye namna kihariri kinavyoiendesha. Soma hatua inayofuata. Ikikwama hata huku nje, kihariri hakina hatia, nenda Hatua ya 5.

Hatua ya 4: Tabia ya kihariri chako

Vim: ukiandika `:!python3 chora.py`, Vim inasimama na kungoja amri hiyo iishe. Skripti inangoja dirisha lifungwe, Vim inangoja skripti. Ndiyo foleni iliyomkuta mpwa wangu. Kuanzia toleo 8.1 Vim ina terminali yake ya ndani, kwa hiyo andika `:terminal python3 chora.py` na utaendelea kuandika huku grafu iko wazi. Na kama ulishaizima kwa nguvu ukapoteza mistari, usikate tamaa: Vim huweka nakala ya akiba ya faili unayoihariri. Andika `vim -r chora.py` uone kilichookolewa. Sisi tuliokoa karibu yote.

Emacs (M ni kitufe cha Alt, C ni Ctrl): `M-!` inangoja, `M-&` haingoji. Tumia ya pili. Ukishakwama kwenye ya kwanza, `C-g` inakutoa.

Sublime Text: ukiendesha kwa Ctrl+B, paneli ya chini inaonyesha maandishi tu, huwezi kuiandikia. Skripti yenye `input()`, tuseme inayouliza "Mwezi gani?", ama itakaa ikingoja jibu usiloweza kulitoa, ama itatupa kosa la EOFError. Kuisimamisha, nenda menyu ya Tools, chagua Cancel Build. Dawa yenyewe ni kuondoa `input()` na kuandika mwezi ndani ya skripti, au kuiendesha kwenye terminali.

VS Code: kitufe cha kawaida cha kuendesha Python kinatumia terminali, kwa hiyo shida ni chache. Lakini kiongezi cha Code Runner, kama hujabadilisha mpangilio wake, kinapeleka maandishi kwenye paneli ya Output, na hiyo nayo haipokei kibodi.

Jambo moja kwa vihariri vyote: kufunga kihariri si lazima kuifunge skripti. Inaweza kubaki peke yake ikila betri. Kwenye Linux, kama uliianzisha kwa `python3 chora.py`, itoe hivi:

```
pkill -f "python3 chora.py"
```

Andika maneno yote mawili. Ukiandika `pkill -f chora.py` peke yake, amri itatafuta kila programu iliyoanzishwa kwa jina hilo la faili, na Vim uliyoifungua kwa `vim chora.py` itaondoka nayo pamoja na mistari yako.

Hatua ya 5: Iulize skripti iko mstari gani

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo watu wengi hawaijui. Python, tangu toleo 3.3, ina kifaa kiitwacho faulthandler. Weka mistari hii miwili juu kabisa ya skripti:

```
import faulthandler
faulthandler.dump_traceback_later(30)
```

Maana yake: baada ya sekunde 30, kama bado uko hai, andika mahali ulipo. Skripti haifi, inasema tu ilipo kisha inaendelea. Hii ndiyo skripti ya mpwa wangu ya kwanza, kabla ya kuongeza mistari hiyo:

```
import csv
import matplotlib.pyplot as plt

saa, kina = [], []
with open("maji.csv") as f:
    for m in csv.DictReader(f):
        saa.append(m["saa"])
        kina.append(m["kina"])

plt.plot(saa, kina)
plt.show()
```

Na hili ndilo jibu tulilopata siku ya pili, nimelifupisha katikati:

```
Timeout (0:00:30)!
Thread 0x00007f3c1a2b4740 (most recent call first):
  File ".../matplotlib/text.py", line 382 in _get_layout
  File ".../matplotlib/axis.py", ...
  ...
  File "chora.py", line 13 in <module>
```

Soma kuanzia juu. Makosa ya kawaida ya Python huweka la mwisho chini, lakini faulthandler huweka juu lile linalofanyika sasa hivi. Chini kabisa ni mstari wa skripti yako, wa 13 kwa sababu tumeongeza miwili. Hapo juu ndipo penye jibu:

Ukikuta `mainloop` juu kabisa, grafu iko tayari na dirisha linangoja. Rudi Hatua ya 1, litafute.

Ukikuta `socket.py` au `ssl.py`, inangoja intaneti.

Ukikuta faili yako mwenyewe juu kabisa, ni kitanzi chako.

Ukikuta `text.py` au `axis.py`, kama sisi, inachora maandishi. Nasi tukajiuliza, maandishi gani hayo ya kuchukua nusu dakika?

Hatua ya 6: Tiba

*Namba zilizosomwa kama maneno.* Nalianza na hili kwa sababu ndilo linalowapotezea watu siku nyingi, na halitoi kosa lolote.

Kifaa cha Sahare kinaandika kila baada ya dakika 10. Kwa saa ni mara 6, kwa siku mara 144, kwa mwezi wa siku 30 ni mara 4,320. Maktaba ya `csv` inasoma kila kitu kama maandishi. Kwake, 1.85 si mita moja na sentimita themanini na tano, ni herufi nne tu: moja, nukta, nane, tano. Matplotlib ikipewa maandishi inaona kila neno ni kundi lake, kama vile majina ya samaki sokoni: changu, tasi, kibua. Hayo hayapimiki, kwa hiyo inalipatia kila moja alama yake kwenye mhimili na kuandika jina lake chini. Majina 4,320 upande wa saa, na mengine mamia upande wa kina, yote yakipimwa upana na kupangwa moja moja. Kisha ukiligusa dirisha kubadili ukubwa, inaanza upya.

Dalili yake ya pili utaiona ukiwa na subira mpaka mwisho: chini ya grafu kuna utepe mweusi mnene. Ule si mstari, ni maandishi yaliyolaliana. Na mhimili wa kina haupandi kwa mpangilio, unafuata tu utaratibu wa namba zilivyojitokeza kwenye faili.

Dawa ni kugeuza: `float()` kwa kina, `datetime.strptime()` kwa saa. Wanaotumia pandas, maktaba ya kusoma majedwali, wajihadhari pia. Pandas hujitahidi kutambua namba yenyewe, lakini mstari mmoja wenye neno kama "hakuna", au kistari, unatosha kuigeuza safu nzima kuwa maandishi. Faili yetu ilikuwa na mistari mitatu ya namna hiyo, siku kifaa kilipobadilishwa betri. Andika `print(data.dtypes)` kabla ya kuchora. Ukiona `object` au `str` mahali ulipotarajia `float64`, umemkamata.

*`plt.show()` ndani ya kitanzi.* Ukitaka grafu ya kila siku ya mwezi na ukaweka `plt.show()` ndani ya `for`, una madirisha 30, na kila moja linangoja lifungwe ndipo la pili lije. Hifadhi picha badala ya kuonyesha: `fig.savefig(...)`, kisha `plt.close(fig)`. Usiisahau hiyo ya pili. Grafu zisizofungwa hubaki kwenye kumbukumbu, na zikizidi 20 Matplotlib yenyewe itakuonya.

Kuna ushauri unaozunguka wa kuandika `plt.show(block=False)`. Mimi siupendi kwa anayeanza. Dirisha litamulika na kutoweka skripti inapoisha, au litabaki jeupe bila kitu kwa sababu hakuna anayelihudumia. Kama huhitaji kukuza na kusogeza grafu kwa kipanya, picha ya PNG inatosha kabisa, na iko njia ya kuizuia Matplotlib isifungue dirisha hata kidogo:

```
import matplotlib
matplotlib.use("Agg")
```

Agg ni injini inayochora moja kwa moja kwenye picha. Weka mistari hiyo kabla ya `import matplotlib.pyplot`. Ukitaka kujaribu bila kugusa skripti, kwenye Linux andika `MPLBACKEND=Agg python3 chora.py`. Hii pia ndiyo njia ya wanaoendesha skripti kwenye kompyuta ya mbali isiyo na kioo.

*Kitanzi kisichofika.* Maji yetu ya pwani hujaa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kungine hupita kama saa 12 na dakika 25, yaani saa 12.42. Mpwa wangu alitaka alama kwenye kila kujaa kwa mwezi mzima, saa 720, akaandika:

```
t = 0
while t != 720:
    t += 12.42
    alama.append(t)
```

Hesabu mwenyewe. Hatua ya 57 inafika 707.94. Hatua ya 58 inafika 720.36. Haikuigusa 720 kamwe, imeiruka, na itaendelea kukimbia huku orodha ikinenepa na feni ikivuma. Usitumie `!=` kwa namba zenye desimali. Andika `while t < 720`. Hata hatua ya 0.1 inayoonekana kugawanyika vizuri si salama, kwa sababu kompyuta haiwezi kuihifadhi 0.1 kwa ukamilifu: ijumlishe mara kumi, hupati 1 kamili.

*Intaneti.* Kama skripti inachukua data mtandaoni kwa `requests.get(...)`, jua kwamba haina kikomo cha kungoja mpaka uiwekee. Mtandao ukikatika katikati ya safari, itangoja bila mwisho. Ongeza `timeout=20` ndani ya mabano. Na data ikishapatikana ihifadhi kwenye faili, usiipakue upya kila unapobadili rangi ya mstari. Bando lina bei.

*Mara ya kwanza tu.* Baada ya kusanidi Matplotlib upya, inapita kwenye fonti zote za kompyuta na kuzitengenezea orodha. Kwenye laptopu ya zamani hilo linachukua muda. Matplotlib itakuambia kwamba inajenga akiba ya fonti. Liache limalize. Ukilikatiza kila mara, kila mara litaanza upya.

*Kisanduku cha maelezo.* `plt.legend()` hutafuta yenyewe kona isiyofunika mistari. Kwa data nyingi ni kazi nzito. Ichagulie kona: `loc="upper right"`.

Hatua ya 7: Skripti iliyobaki mezani

Hii ndiyo tunayotumia sasa. Inachora mwezi mzima ndani ya sekunde chache kwenye laptopu ile ile.

```
import faulthandler
faulthandler.dump_traceback_later(60)

import csv
from datetime import datetime
import matplotlib
matplotlib.use("Agg")
import matplotlib.pyplot as plt

saa, kina = [], []
with open("maji.csv") as f:
    for n, m in enumerate(csv.DictReader(f), start=2):
        try:
            s = datetime.strptime(m["saa"], "%Y-%m-%d %H:%M")
            k = float(m["kina"])
        except ValueError:
            print("Kasoro mstari wa", n, m, flush=True)
            continue
        saa.append(s)
        kina.append(k)

print("Vipimo vizuri:", len(kina), flush=True)

fig, ax = plt.subplots(figsize=(12, 5))
ax.plot(saa, kina)
ax.set_ylabel("Kina cha maji, mita")
fig.autofmt_xdate()
fig.savefig("maji.png", dpi=150)
plt.close(fig)

faulthandler.cancel_dump_traceback_later()
print("Tayari: maji.png", flush=True)
```

Hesabu inaanza na 2 kwa sababu mstari wa kwanza wa faili ni vichwa vya safu, kwa hiyo namba itakayochapishwa ndiyo ile ile utakayoiona ukifungua faili kwenye kihariri. Mstari wenye kasoro unatajwa na kurukwa, hauvurugi mingine. Badilisha `strptime` ifanane na tarehe zako zilivyoandikwa: kama siku iko mbele, ni `%d/%m/%Y %H:%M`. Ukikosea hapo, kila mstari utatajwa kuwa na kasoro na "Vipimo vizuri" itasoma 0, kwa hiyo itazame namba hiyo kila mara.

Hatua ya 8: Ipime grafu kwa bahari yenyewe

Skripti isiyoganda bado inaweza kusema uongo. Chukua siku mbili zinazofuatana, tazama kilele cha maji kujaa. Cha siku ya pili kinapaswa kuchelewa kwa takriban dakika 50. Tazama mwezi mzima: mawimbi ya grafu yanapaswa kurefuka katika vipindi viwili, karibu na mwezi kuandama na karibu na mwezi mpevu. Ndiyo bamvua. Katikati yanapungua, ndiyo maji mafu.

Sisi tulikuwa na daftari la akina mama la kulinganishia. Siku za bamvua waliandika maji yamekauka karibu saa 4 au saa 5 asubuhi. Mpwa wangu aliingiza 04:00 na 05:00 kwenye faili yake, kama alivyozisoma, na alama zote zikaangukia maji yakiwa yamejaa. Alinitazama kwa huzuni, akadhani kifaa cha gatini kibovu, mwezi mzima umepotea.

"Saa 4 asubuhi ya bibi yako," nikamwambia, "kwa kompyuta ni ngapi?"

Akanyamaza kidogo. "Kumi, mjomba."

Akaongeza saa 6 kwenye kila alama ya daftari, akaendesha tena. Alama zikashuka moja moja mpaka chini ya mabonde ya grafu, karibu zote mahali pake.